Siku ya kusimama ni ya nani? Karatasi ya dalali, kutoka Bagamoyo hadi Uyole

Wiki chache zilizopita nilikuwa Uyole kwa kazi nyingine kabisa ya gazeti, habari za bei ya mbolea, na kama kawaida ya kazi zetu niliyemfuata hakutokea. Nikakaa kwenye mgahawa mmoja pale njia panda, chai ya maziwa na chapati, naangalia malori. Anayeijua Uyole anajua hakuna kazi rahisi kama hiyo. Barabara moja inakwenda moja kwa moja Mbeya mjini, Mbalizi, mpaka Tunduma na Zambia. Nyingine inakata kushoto kwenda Tukuyu, Kyela na Kasumulu, ambako ni Malawi. Kila kinachotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda kusini kwa barabara kinapita mbele ya chapati yako.

Pembeni yangu alikaa mzee mmoja, umri wa baba yangu, mwenye semitrela moja. Moja tu, ya mkopo. Alipojua mimi ni mwandishi akatoa karatasi mbili zilizokunjwa kwenye koti akasema, mwanangu, wewe umesoma, hebu nisomee hapa kwenye namba nne. Ilikuwa Kiingereza, herufi ndogo kama za dawa. Nikamsomea. Akanyamaza kidogo, akasema "ndaga," yaani asante, halafu akaikunja ile karatasi vilevile ilivyokuwa.

Namba nne ilisema hivi, kwa Kiswahili changu: gari likisimama mpakani au kwenye eneo la kushushia, siku tatu za mwanzo ni bure, na baada ya hapo fidia ya kusimama italipwa endapo tu mwenye mzigo ataamua kumlipa dalali. Gari lake lilikuwa limesimama siku tisa. Mwenye mzigo hakumlipa dalali, au dalali alisema hakulipwa, na mzee hana namna ya kujua lipi ni kweli kwa sababu namba saba ya karatasi hiyohiyo inamkataza kumpigia simu mwenye mzigo. Na marejesho ya mkopo wa lori hayasimami pamoja na lori.

Nimekuwa nikiwaza hiyo siku ya kusimama tangu siku ile. Nimerudi kwenye vitabu vyangu vya historia nikagundua kwamba swali la mzee ni la zamani kuliko lami, la zamani kuliko Tanganyika yenyewe. Mzigo ukikwama njiani, ile siku inapotea mfukoni mwa nani?

Tuanze Bagamoyo, karne ya 19, kabla hakuna gurudumu. Mzigo ulikwenda bara kichwani na begani, kiasi cha frasila mbili kwa mtu, zaidi ya kilo 30. Kulikuwa na aina mbili kubwa za wapagazi, na tofauti yao ndiyo kiini cha habari yote. Wanyamwezi kwa kawaida walipatana malipo ya safari: kutoka hapa mpaka pale, kiasi hiki. Waungwana wa pwani walipatana kwa mwezi. Unaona? Msafara ukikwama Ugogo wiki nzima kwa sababu mkuu wa msafara hajaelewana na watemi kuhusu hongo, mpagazi wa mwezi anahesabu siku zake. Mpagazi wa safari anahesabu hasara yake. Hongo, kwa taarifa yenu, wakati ule ilikuwa ushuru halali wa kupita katika nchi ya watu. Namna neno hilo lilivyoporomoka mpaka maana ya leo ni makala nyingine, na trafiki wasinichukie.

Kitu kimoja kilimlinda hata mpagazi wa safari, nacho ni posho, yaani chakula cha kila siku, kwa nafaka au kwa kitambaa cha kununulia chakula. Posho ilitakiwa iendelee hata msafara ukisimama. Ikikatwa, wapagazi waligoma, na wasiposikilizwa walitua mizigo wakatoroka. Vitabu vya Wazungu wapelelezi vimejaa malalamiko kuhusu "utoro" huo, kurasa na kurasa. Ukivisoma kwa jicho la mtu anayejua mkataba ni nini, unaona kwamba mara nyingi kilichoitwa utoro kilikuwa ni upande mmoja kujiondoa kwenye makubaliano ambayo upande wa pili ulikwisha kuyavunja.

Na dalali alikuwepo. Mkubwa wao alikuwa Sewa Haji Paroo, Mhindi wa Kiismailia mwenye duka na maghala Bagamoyo, aliyekuwa akiwatafutia wapagazi na bidhaa wamisionari na wasafiri, Stanley akiwa mmoja wao. Alifariki 1897. Ukienda Muhimbili leo kuna wodi ina jina lake, kwa sababu alitoa mali nyingi kwa hospitali na shule, na sina nia ya kumtukana marehemu. Ninachosema ni kwamba mtindo wa kazi ulikwisha kukamilika wakati wake: mwenye mzigo hamjui mbebaji, mbebaji hamjui mwenye mzigo, na katikati yupo mtu mmoja anayewajua wote wawili. Anayewajua wote wawili ndiye anayeandika karatasi.

Wabeba mizigo wa Vita vya Kwanza vya Dunia wao hawakupatana chochote, wengi walichukuliwa kwa nguvu na maelfu walikufa. Kilichobaki kwao ni jina la sehemu walipowekewa kambi Dar es Salaam. Waingereza waliwaita Carrier Corps, sisi tukaita Kariakoo. Viazi vya Uyole vinavyoshushwa Kariakoo vinashushwa kwenye jina la wapagazi.

Sheria iliyokuja na Waingereza ni kitu kinachonichekesha kila nikikikumbuka. Walipoichukua Tanganyika hawakuandika sheria mpya ya mikataba. Walichukua ya India ya 1872 wakaileta ilivyo. Mwaka 1961, uhuru ukiwa mlangoni, Bunge la Tanganyika likapitisha Sheria ya Mikataba yetu wenyewe, na ukiziweka mbili pamoja ni ndugu wa tumbo moja, mpaka namba za vifungu vingi. Ndiyo tunayoitumia mpaka leo, Sura ya 345. Ishikeni hiyo, nitairudia.

Mbeya yenyewe ni mji wa 1927, uliokuzwa na dhahabu ya Lupa kule Chunya. Kwa miaka mingi nchi hii ya juu haikuwa na reli, ilitegemea magari yaliyopita Iringa kwenye vumbi na matope. Magari ya mizigo ya shirika la reli la wakoloni yalibeba sehemu kubwa, na watu binafsi, wengi Wahindi na Waarabu, walibeba yaliyobaki. Ni historia nzuri lakini ya kimya. Kelele zilianza Novemba 1965.

Tarehe 11 ya mwezi huo Ian Smith na walowezi wake wakatangaza uhuru wao wa Rhodesia bila idhini ya Uingereza. Zambia ya Kaunda, iliyokuwa inapitisha karibu kila kitu kusini, ikajikuta imekabwa koo. Mwezi uliofuata mafuta yalikatwa. Ndege za Uingereza, Marekani na Kanada zikaanza kusomba mapipa ya mafuta angani, jambo la gharama ya kutisha, na wakati huohuo malori yakaanza kusomba mapipa kutoka Dar es Salaam kwa barabara ambayo haikuwa barabara. Wakati wa kurudi yalibeba shaba. Ndiyo safari madereva waliyoipa jina la kimataifa, Hell Run, safari ya jehanamu. Vumbi kiangazi, utelezi masika, Kitonga bila lami, na mabaki ya malori korongoni. Wazee wa Uyole, Igawilo na Inyala wanaokumbuka miaka hiyo ni wachache sasa, lakini kuna waliojifunza ufundi wa magari wakiwa watoto kwa sababu tu magari yaliharibikia mlangoni kwao.

Mwaka 1966 serikali mbili, ya Mwalimu na ya Kaunda, zikaunda kampuni ya pamoja, Zambia-Tanzania Road Services, pamoja na kampuni ya Kiitalia ya Intersomer. Malori yakawa Fiat, na haihitaji digrii kujua kwa nini. Hapo ndipo ule mkataba usio sawa unapoonekana kwa sura nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wanazuoni wa Mlimani, Issa Shivji akiwa mbele, walikuwa wanaandika kwa hasira kuhusu mikataba ya uendeshaji kati ya mashirika yetu ya umma na kampuni za nje: mgeni analipwa ada yake hata shirika likipata hasara, mgeni ndiye anayekuuzia mitambo, na mgeni huyohuyo ndiye anayekushauri ununue mitambo ipi. Hao walikuwa wanazungumzia nchi nzima, viwanda na mahoteli. Lakini mimi nikisoma namba nne ya mzee wa Uyole nasikia mwangwi. Anayeandika karatasi anajiwekea malipo yasiyotegemea kama safari ilifika salama.

Pamoja na hayo, kwa suala letu la siku ya kusimama, enzi ya mashirika ya umma ilikuwa na jibu lake. Lori la kampuni ya serikali likikwama, dereva alikuwa na mshahara wa mwezi. Hasara ilikwenda kwenye vitabu vya kampuni, kampuni ikaenda Hazina, Hazina ikatuletea sisi sote bila kutuambia. Kulikuwa na bomba la mafuta la TAZAMA tangu 1968, lami ya barabara ya TANZAM ilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1970, TAZARA ilikabidhiwa 1976 ikiwa na kilometa 1,860. Uwakala wa meli ulikuwa mikononi mwa NASACO tangu 1973. Dalali binafsi hakuwa na pa kukaa. Siwasifii sana, maana tunajua wote mashirika yale yaliishia wapi, na maghala yaliyojaa mizigo isiyosogea yalikuwa aina nyingine ya siku ya kusimama. Lakini mtu mmoja mwenye lori moja hakuwa ndiye anayebeba.

Halafu ikaja 1986, makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa, soko huria. Watu binafsi wakaagiza malori, mengi yaliyotumika Ulaya, na baadaye Fuso za Japani ambazo zimekuwa kama punda wa nyanda hizi. TAZARA ikaanza kuchoka. Reli iliyowahi kubeba zaidi ya tani milioni 1 kwa mwaka ilibeba chini ya tani 100,000 katika mwaka wa fedha 2014/15. Kilichotoka relini kikaja barabarani, mbele ya chapati yangu. Mizigo ikaongezeka, malori yakaongezeka haraka zaidi, na kila mahali malori yakiwa mengi kuliko mizigo, mwenye habari ya mzigo anakuwa mfalme.

Mwanzoni dalali wa Uyole alikuwa mtu wa kijiweni. Alikaa pale pale, wenye magari wakamfuata. Simu za mkononi zilipoenea baada ya 2000 hakuhitaji tena kukaa mahali. Leo anaweza kuwa Tabata au Lubumbashi, mzigo anautangaza kwenye kundi la WhatsApp, na wewe unamjua kwa picha tu. Mnyororo ukarefuka: mwenye mzigo, wakala wa forodha, kampuni kubwa ya usafirishaji, dalali, dalali wa dalali, mwenye lori, dereva. Kila mmoja anaweka cha juu chake. Aliye chini kabisa anabaki na kilichovuka mikono yote hiyo.

Sasa nirudi kwenye karatasi ya mzee, maana nilimwomba nikaisoma yote. Namba moja: msafirishaji anawajibika kwa upungufu, uharibifu na ucheleweshaji kwa sababu yoyote ile. Yoyote. Daraja likivunjika, mpaka ukifungwa, ni yeye. Namba mbili: malipo ya awali ya mafuta, na salio siku 45 baada ya hati halisi za makabidhiano, zenye mhuri, kufika ofisini. Si siku 45 baada ya kushusha, bali baada ya karatasi kufika, na karatasi inasafiri na gari lilelile ambalo linasubiri mzigo wa kurudia. Namba tatu: dalali anaweza kukata kwenye salio kiasi chochote atakachodaiwa na mwenye mzigo. Namba nne mmeisikia. Namba sita ndiyo iliyonifanya niombe chai ya pili: gari likichelewa kufika, msafirishaji atakatwa kiasi maalumu kwa kila siku.

Kwa hiyo siku ikipotea kwa sababu ya lori, mwenye lori analipa. Siku ikipotea kwa sababu ya mzigo, mwenye lori halipwi. Ni siku ileile yenye saa 24.

Nimtendee haki dalali kidogo. Niliongea na mmoja siku hiyohiyo, kijana wa rika langu, na hakuwa jini mla watu. Anasema kuna wenye magari wanaochukua hela ya mafuta na kuzima simu. Kuna shaba iliyowahi kuyeyuka njiani bila moto. Kuna dereva anayeuza mafuta ya gari halafu anasema foleni. Yeye ndiye aliyetoa fedha za awali, tena za kukopa, na mwenye mzigo naye anamlipa baada ya miezi. Namba saba, ya kutompigia mwenye mzigo, bila hiyo hana kazi wiki ijayo. Nikamuuliza kwa nini basi asiandike hayo tu, wizi na udanganyifu, akaacha kuandika "kwa sababu yoyote ile". Akacheka. Akasema karatasi ile hakuiandika yeye, aliipewa na aliye juu yake, akabadilisha majina. Nina hakika aliye juu yake atasema hivyohivyo.

Mambo haya hayako kwenye semitrela za kwenda Kongo tu. Nenda soko la viazi hapohapo Uyole. Viazi vinashuka kutoka safu za Uporoto, Kikondo na vijiji vya jirani, vinapakiwa kwenye Fuso kwenda Dar es Salaam. Hapo hakuna karatasi kabisa, ni mdomo tu, na nauli inapatanwa kwa gunia. Gunia gani? Lumbesa. Kanuni za vipimo zinasema gunia la mazao lisizidi kilo 100, Wakala wa Vipimo wanatangaza kila msimu, na kila msimu gunia linaota kichwa na shingo ya kamba. Tumezoea kuiona lumbesa kama wizi dhidi ya mkulima, na ni kweli. Lakini angalia upande wa gari. Mwenye Fuso amepatana magunia 80 akifikiri ni tani 8. Gunia likiwa na kilo 130 amebeba tani 10 na kilo 400 kwa nauli ya tani 8. Halafu anafika mizani Makambako, Wenda au Mikumi, na mizani haina habari na patano la Uyole. Linalozuiwa ni gari. Viazi vinaanza kuoza, dalali simu yake haipatikani.

Hiyo mizani imewahi kutikisa nchi. Oktoba 2013 Waziri wa Ujenzi wa wakati ule, John Magufuli, aliondoa msamaha wa asilimia 5 ya uzito uliozidi. Wenye malori, kupitia chama chao TATOA, waliegesha magari. Mizigo ikaganda, na Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaingilia kati na kusitisha agizo lile. Magazeti yetu yaliandika kama ndondi: Magufuli na wenye malori, nani kashinda. Nimerudia kusoma baadhi ya habari zile. Swali la nani alipakia mzigo uliozidi, na nani alilazimishwa na nani, lilipita pembeni. Wengi wa waliozidisha uzito walikuwa wanafidia nauli iliyokwisha kuliwa juu. Si utetezi, barabara zetu zinakufa kweli. Lakini ukimpiga faini wa mwisho kwenye mnyororo, wa kwanza hasikii kitu. Baadaye Jumuiya ya Afrika Mashariki ikatunga sheria yake ya udhibiti wa uzito ya 2016, Tanzania ikaanza kuitekeleza 2019, na mazungumzo ya karatasi ya dalali yakabaki palepale.

Mwaka 2020 kikaja kipimo kikubwa. Mwezi Mei, baada ya wagonjwa wa korona kugundulika kwa wingi Nakonde, Rais Edgar Lungu aliufunga mpaka kwa siku kadhaa. Kituo cha pamoja cha forodha Tunduma na Nakonde, ambacho yeye na Magufuli walikizindua Oktoba 2019 ili kupunguza foleni, hakikuwa na mwaka. Malori yakajipanga. Hiyo ndiyo siku ya kusimama isiyo na mwenyewe, hakuna aliyekosea, si lori wala mzigo. Karatasi yenye maneno "kwa sababu yoyote ile" ikawa na jibu tayari. Kuna watu walioanza 2020 na malori mawili wakamaliza na moja, kwa sababu benki zilikuwa na karatasi zao nazo.

Na mwenye lori naye, mnadhani anafanya nini na siku hiyo? Anaisukuma chini. Madereva wengi wanalipwa kwa safari, na posho ya safari haiongezeki foleni ikirefuka. Mei 2015, madereva wa mabasi na malori walipogoma nchi nzima, dai mojawapo kubwa lilikuwa mikataba ya ajira. Sisi wa mjini tulikumbuka zaidi adha ya kukosa basi. Lakini madereva walikuwa wanarudia kesi ya Wanyamwezi: nilipe kwa safari, lakini basi nilishe nikisimama. Kwenye hilo la pili tumerudi nyuma ya Bagamoyo. Kule posho ya siku ya kusimama ilikuwa desturi ambayo hata mkuu wa msafara mkali aliijua.

Sheria je? Niliahidi kurudi. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Mikataba kinazungumzia mtu aliye katika nafasi ya kutawala utashi wa mwenzake akaitumia nafasi hiyo kujipatia faida isiyo ya haki. Mkataba wa namna hiyo aliyeonewa anaweza kuukataa mahakamani. Kifungu cha 74 kinasema hata mkitaja kiasi cha kukatana mkataba ukivunjwa, anayedai anastahili fidia ya kadiri tu, isiyozidi kile kiasi. Maana yake makato ya namba sita si msahafu. Maneno yapo tangu 1872! Ila kutawala utashi mahakamani si sawa na kuwa na njaa. Hakimu atakuuliza, ulilazimishwa kusaini? Hukulazimishwa. Ulikuwa na gari tupu, marejesho ya benki tarehe 30, na watu ishirini nyuma yako wanaotaka mzigo huohuo.

Sheria ya Ushindani ya 2003 imegusa mikataba inayochapwa tayari na upande mmoja, lakini kwa kumlinda mlaji. Mwenye lori si mlaji, ni mfanyabiashara, na mfanyabiashara anahesabiwa kuwa mtu mzima. Kwa mtazamo wangu hapo ndipo penye shimo. Mtu mwenye semitrela moja ya mkopo na kampuni yenye malori 200 wote ni "msafirishaji" kwenye karatasi. Kampuni ya malori 200 inarudisha karatasi ikiwa imepigwa mistari myekundu. Mzee anaipokea imekunjwa. Hata lugha: tangu 2021 sheria imeamua Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama, lakini karatasi ya Uyole bado iko kwa Malkia.

Msidhani ni umaskini wetu tu. Marekani, ambako biashara ya malori ilifunguliwa kwa sheria ya 1980, kanuni za shirikisho zinamtaka dalali atunze kumbukumbu ya kila mzigo, ikiwa ni pamoja na alicholipwa yeye, na mwenye lori ana haki ya kuiona. Haki nzuri sana. Madalali wakafanya nini? Wakaweka kifungu kwenye karatasi zao kwamba mwenye lori anakubali kuiacha haki hiyo. Ukikataa, huna mzigo. Mei 2020, nauli zilipoporomoka kwa sababu ya korona, wenye malori wadogo waliegesha magari yao karibu na Ikulu ya Washington kwa wiki kadhaa wakipiga honi, na kilio kimojawapo kilikuwa hicho: tuonyesheni cha juu. Novemba 2024 mamlaka yao ya usalama wa malori ilipendekeza kanuni ya kumlazimisha dalali atoe kumbukumbu hizo akiombwa. Miaka 44 ya kuwa na haki isiyotumika, kisa mstari mmoja.

Nikimfikiria mzee wangu, naona hata hiyo ya Wamarekani ingemsaidia kwenye namba nne. Angeweza kujua kama dalali alilipwa zile siku sita au hakulipwa. Kujua tu. Sasa hivi anachojua ni siku tisa za Tunduma, kwa sababu alilala huko mbili akimpelekea dereva chakula na hela ya maji. Posho, kwa maana yake ya zamani.

Kabla hajaondoka nilimwuliza kama ataacha kufanya kazi na dalali yule. Akaniangalia kama mtu anayemwangalia mtoto. Alhamisi ana mzigo wa salfa kwenda Kasumbalesa, dalali yuleyule. Alichofanya safari hii, akanionyesha, ni kuandika kwa kalamu ya wino pembeni ya namba nne, kwa Kiswahili, herufi kubwa: BAADA YA SIKU TATU TUTAONGEA. Nikamwambia mbele ya sheria maneno hayo hayana uzito wowote mpaka ataje kiasi na yule mwenzake aweke sahihi pembeni. Akasema kiasi alikitaja mara ya kwanza, na mzigo akapewa mwingine.

Taniboi wake akapiga honi. Akalipa chai yake, na yangu pia, nikashindwa kumzuia.